Gitaa la Benchi la Nyuma

Wapendwa, kabla hamjaanza kugeuziana shingo, niseme mapema: kanisa nitakalolisimulia hapa halipo. Nimelitunga. Ukitoka hapa ukaanza kulitafuta utamaliza soli za viatu bure. Lakini watu waliomo tunawajua. Tunakula nao, tunazika nao, na wengine tumekuja nao leo ndani ya nguo zetu hizi hizi za Jumapili.

Palikuwa na fundi seremala mmoja, mwanamke, jina lake Sekela. Kwa kawaida nikitoa mfano siwapi watu majina. Huu ni mfano wa majina, kwa hiyo mnivumilie. Sekela alikuwa na karakana kando ya barabara, huko nyanda za juu ambako mvua haingoji msimu, inanyesha inapotaka. Alitengeneza vitanda, makabati na milango, lakini kilichomfanya ajulikane ni kupuliza laka. Laka ni ile dawa ya majimaji isiyo na rangi mnayoiona iking'aa juu ya meza nzuri. Rangi inaficha mbao. Laka haifichi. Inailinda tu, na kama mbao ina kovu, utaliona kovu liking'aa.

Basi lori lililokuwa likiirudisha kwaya ya kanisa lile kutoka mkutanoni liliingia kwenye shimo, gitaa la umeme likaruka likaangukia chuma, kiwiliwili chake kikapasuka. Shingo ilibaki nzima, nyuzi nzima, na vile vinasa sauti vinavyokaa chini ya nyuzi navyo vizima. Kilichotakiwa ni kiwiliwili kipya cha mbao. Mwenyekiti wa kwaya akaenda kwa Sekela, akamwomba akitengeneze kabla ya sikukuu ya mavuno. Zilikuwa zimebaki wiki tano. Sekela akakubali.

Wiki hiyo hiyo kanisa lilikuwa limepokea viti vipya vya plastiki, na mabenchi ya zamani yalikuwa yamerundikwa nje yangoje kupasuliwa kuwa kuni. Sekela aliomba apewe benchi moja tu, lile la nyuma kabisa, lililokuwa limeegemea ukuta. Wakamwambia achukue hata matatu. Akasema moja linatosha.

Mnalijua benchi la namna hiyo? Msinijibu. Kanisa lile lilikuwa na utaratibu wake. Binti akipata mimba kabla ya ndoa, jina lake linasomwa Jumapili mbele ya watu wote, halafu anakaa benchi la nyuma miezi sita. Haimbi, hashiriki Meza ya Bwana, na mlangoni watu wakisalimiana yeye anapitwa. Sekela alikaa pale akiwa na miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo alikuwa ndiye mpiga gitaa wa kwaya, tena mzuri. Miezi sita ilipokwisha walimrudisha kundini kwa maombi na nyimbo, ila kwenye gitaa hawakumrudisha. Waliambiana kwamba nafasi imeshapata mtu. Ikaishia hapo, miaka ishirini.

Katika zile Jumapili za nyuma, mahubiri yakirefuka, na nyinyi mnajua mahubiri yanavyoweza kurefuka, Sekela alikuwa akiuingiza mkono wake chini ya ubao wa kukalia ili apate pa kuushikiza. Siku moja vidole vyake vilikuta mikwaruzo. Alidhani ni panya. Kisha akaufuata mkwaruzo mmoja taratibu kwa ncha ya kidole, ikaja herufi ya B. Akaendelea, ikaja U. Lilikuwa jina la mtu. Bupe. Pembeni yake lilikuwapo jingine, na juu yake jingine. Wasichana waliokaa pale kabla yake, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wameandika majina yao gizani chini ya benchi, kwa misumari, kwa pini za nywele, bila kuonana wala kuambiana. Sekela alikaa ameinamisha kichwa. Watu walidhani anatubu. Alikuwa anasoma.

Jumapili ya tatu alichomoa pini kichwani, naye akaandika la kwake.

Sasa miaka ishirini imepita, benchi liko kwenye karakana yake, miguu juu, na kwa mara ya kwanza anayaona kwa macho yale aliyokuwa akiyajua kwa vidole. Yalikuwa saba, yamesongamana kwenye ncha iliyokuwa karibu na ukuta, kwa sababu wote walikuwa wakijibanza pale pale. Ubao wenyewe ulikuwa wa mninga, umekauka miaka mingi, mzito wa kutosha. Fundi yeyote angeugeuza, apige randa, aukate. Sekela aliukata akiuacha upande wa majina uwe uso wa gitaa.

Msidhani alifanya hivyo kwa ujeuri wa kukurupuka. Kwanza alifunga karakana siku mbili akaenda kuwatafuta wenye majina. Bupe alikuwa muuguzi mstaafu; alisikiliza mpaka mwisho, akasema liache. Mwingine alikuwa amefariki, binti yake akasema mama angependa. Wengine wawili walikubali, mmoja baada ya kulia sana, mmoja akicheka. La tano lilikuwa lake mwenyewe. Mawili hakuna mtu aliyewajua wenye nayo, na hayo aliyaacha kwa sababu hakuona ni nani mwenye haki ya kuyafuta.

Mwenyekiti alipopita kuangalia kazi imefikia wapi, alilikuta gitaa likiwa mbao tupu juu ya meza, limeshapigwa msasa, majina yameelekea dirishani. Alisoma kimya kimya. Halafu akataka kujua Sekela atalimaliza vipi. Sekela akamwambia atapuliza laka. Mwenyekiti akasema hapana, azibe mikwaruzo yote kwa puti, apake rangi nyeusi nzito, mikono minne, yaani mara nne. Siku ya mavuno kungekuwa na wageni kutoka makao makuu.

Nisiwafiche, mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupanga viti, wa kulala hospitalini na wagonjwa wa watu wengine. Na hoja yake ilikuwa nzito. Alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wake, "Mama Ambwene, hawa wana watoto na wajukuu. Unataka kuwavua watu nguo mbele ya wageni?"

Sekela aliweka msasa chini. Akamjibu, "Mwenyekiti, majina haya yalisomwa na kanisa hili hili kwa sauti, kila moja. Hayakuwahi kuwa siri. Siri ilikuwa nyingine, na hiyo sikuikuta imeandikwa popote chini ya benchi."

Mwenyekiti hakuuliza ni siri gani. Je, wewe ungeuliza? Alisema tu kwamba kanisa ndilo limeagiza gitaa, na kanisa linataka nyeusi. Akaondoka.

Sekela alirudi kazini. Alichukua vipande vitatu vya ubao ule ule, akavikwaruza kwa pini kama wale wasichana walivyofanya, akavijaribu. Kimoja alikipaka vanishi kwa brashi. Kikawa na rangi ya chai iliyochemka sana, na alama za brashi zikabaki. Cha pili alikipeleka kwa jirani yake anayepaka magari, akakipulizia ile klia nzito, laka ya magari. Kiling'aa kama kioo, kweli, lakini mikwaruzo ilijaa dawa ikazama. Ukipitisha kidole husikii kitu. Jirani alikisifia. Alimwambia Sekela hiyo ndiyo njia ya kumridhisha kila mtu: majina yapo, ila hayasumbui. Fikirini hilo, wapendwa. Yapo, ila hayasumbui. Si ndivyo tunavyopenda mambo mengi ya nyumba hii yawe?

Cha tatu alikipuliza laka nyembamba, aliyoizimua kwa thina, mkono mwepesi juu ya mkono mwepesi, akingoja kila mmoja ukauke. Alipopitisha kidole aliisikia kila herufi. Akachagua hiyo.

Lakini laka ina adui yake, na adui huyo ni unyevu. Mikono mitatu ya kwanza ilikubali vizuri. Kisha ukungu ukashuka, mvua ikanyesha siku tisa mfululizo, na mwenyekiti akatuma ujumbe kwamba atalichukua gitaa Alhamisi. Sekela alijua hapaswi kupuliza katika hewa ile. Alipuliza kwa sababu siku zilikuwa zinamwishia. Na laka ikafanya kinachofanywa na laka ikishika unyevu: ikaganda ikiwa nyeupe. Kiwiliwili kizima kilivaa utando kama maziwa, na chini ya utando ule majina yote saba yakatoweka.

Sekela alikuwa bado amelikodolea macho, Alhamisi ile, mwenyekiti alipoingia. Mwenyekiti alilizunguka gitaa. Uso wake ukalegea, kama mtu aliyetua mzigo. Akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Unaona, mama? Mungu mwenyewe ameyafunika. Liache hivi hivi, tena nyeupe inapendeza kuliko nyeusi."

Nataka tusimame hapa kidogo. Ingekuwa rahisi namna gani kuliacha? Hakuna ambaye angemlaumu. Gitaa lingekuwa safi, wageni wangepiga makofi, mwenyekiti angempenda, na yeye asingekuwa amefuta kitu. Hali ya hewa ndiyo ingekuwa imefuta. Na juu yake ingewekwa faraja ya dhamiri ya bei nafuu kabisa: Mungu amefunika. Mara ngapi tumeuona ukungu wetu wenyewe tukauita mkono wa Mungu?

Sekela alimwambia mwenyekiti kwamba kilicho pale si Mungu. Ni maji yaliyonaswa ndani ya dawa kwa haraka yake yeye Sekela, na hatatoa kazi yenye kosa mkononi mwake. Akamwomba arudi Jumapili. Mwenyekiti akamkumbusha kwamba Jumapili ndiyo sikukuu yenyewe. Sekela akasema basi atalileta mwenyewe.

Ijumaa mchana jua lilitoka, likadumu kama saa tatu tu. Sekela alitoa gitaa nje ya kibanda, akajaza thina kwenye bunduki ya kupulizia, akaifungua kidogo sana, akapitisha ukungu mwepesi wa thina juu ya weupe ule. Hiyo ndiyo dawa yake: thina inailainisha laka tena, unyevu unapata njia ya kutoka. Alisimama akaangalia. Weupe ulianza kurudi nyuma kutoka kwenye kingo, pole pole, kama nguo inayovutwa kitandani. Bupe ikatokea. Nwaka ikatokea. Lake likatokea. Yakatokea yote saba, na safari hii yalikuwa na mng'ao ambao hayakuwa nao yakiwa makavu. Hakupiga magoti wala hakuimba. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akayalinda yasipate vumbi mpaka yakakauka.

Jumapili aliingia kanisani amelibeba mikononi, shingo na nyuzi zimeshafungwa, bila kulifunika. Mwenyekiti alimfuata mpaka kwenye jukwaa la kwaya. Aliliona, na uso ukambadilika. Alichukua kitenge cha mmoja wa waimbaji akalifunika, akaiambia kwaya kwamba leo kinanda kinatosha. Sekela akakiondoa kitenge, akakikunja, akamrudishia mwimbaji mwenyewe. Watu wa mbele waliokuwa karibu wakaanza kusoma. Minong'ono ikatoka mstari wa kwanza ikaenda nyuma: majina, ni majina, ni ya wale wa benchi la nyuma.

Upande wa wanawake, mama mzazi wa mwenyekiti aligusa mkono wa aliyekaa jirani yake. Macho yake yalikuwa yamefifia, hakuona zaidi ya mwanga na vivuli. Aliuliza kinachosemwa, akaambiwa. Akasema apelekwe mbele.

Walidhani anakwenda kumtetea mwanawe. Hata mwenyekiti alidhani hivyo. Alimshika mkono akamsaidia kupanda. Mama yule alimwomba Sekela alisogeze gitaa. Akaweka vidole juu yake. Alipita jina la kwanza, la pili, akaenda moja kwa moja pembeni ambako mtu angekuwa amejibanza ukutani kabisa, na hapo vidole vikasimama. Kanisa zima lilimfahamu kama mama Raheli, jina lake la ubatizo. Jina la nyumbani aliliacha siku aliporudishwa kundini, na mwanawe hakuwahi kulisikia.

"Tupokigwe," alisoma. "Hili ni langu, mwanangu. Niliandika wewe ukiwa tumboni."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano, mwenye wajukuu. Maisha yake yote aliambiwa baba yake alikwenda kufanya kazi migodini, akafia huko kabla ya ndoa kufungwa. Alisimama pale ameshika kiwiko cha mama yake. Akauliza kwa sauti ya chini ambayo kipaza sauti kiliichukua ikasikika hadi mlangoni: "Na baba?"

Mama hakushusha mkono kutoka kwenye gitaa. Akasema, "Baba yako hakwenda migodini. Alikuwa anakaa pale mbele, viti vya wazee. Yeye ndiye aliyesoma jina langu."

Mnasikia, wapendwa? Yeye ndiye aliyelisoma.

Mwenyekiti alimshika mama yake mkono. Akashuka naye, hakumrudisha kule walikomtoa, akampeleka kwenye viti vya wazee, akamkalisha kwenye cha kwanza. Mzee mwenye kiti alinyanyuka mwenyewe. Kisha mwenyekiti akatembea katikati ya kanisa lote mpaka nyuma, akasimama ukutani, uso wake ameugeuzia ukuta. Kwaya ilikuwa inangoja ishara yake ya kuanza, na ishara haikuja. Wageni wakaangaliana. Sekela akachomeka waya wa gitaa kwenye spika ya kwaya, akakaza uzi mmoja uliokuwa umelegea, akaanza kupiga. Hakuna aliyemruhusu. Hakuomba.

Huo ndio mfano wangu. Sasa nizungumze na sisi.

Majina saba. Yahesabuni vyovyote mtakavyo, yote ni ya wanawake. Tangu lini mtoto akapatikana kwa mtu mmoja? Wale saba walikuwa wapi, wale wengine, wanaume? Walikuwa humu. Waliimba besi. Walipitisha vikapu vya sadaka. Walishika zile karatasi wakasoma, na sauti zao hazikutetemeka. Sisi wanaume tumepakwa rangi nzito tangu zamani, mikono minne, mikono kumi, na tukaiita ngozi yetu. Na kila binti anapokuja na ukweli wake wa mbao tupu, tunakimbilia puti. Tunasema tunamsitiri. Nani hasa tunamsitiri?

Kusitiri nakujua, na Mungu wetu anasitiri. Lakini yeye hasitiri kwa uongo. Neema yake haimfanyi aliyeumizwa atoweke ili aliyeumiza akae vizuri kwenye kiti chake. Inakaa juu ya kovu lenyewe, nyembamba, safi, na kovu linaweza kuguswa bila kuuma tena. Kama msamaha tunaoutoa hapa unahitaji mtu mmoja anyamaze milele ili ukauke vizuri, huo si msamaha. Ni ukungu.

Na msiniambie mambo haya ni ya zamani, kwamba siku hizi hatusomi majina. Kweli, hatusomi. Tunanong'ona. Benchi tumelitoa, ila wapo mabinti humu ndani ambao wiki hii walipitwa mlangoni, na wao wanajua ni kina nani waliowapita. Mimi ni mmoja wa waliowapita. Nilimpita mtu, Jumapili iliyopita, nikajifanya naangalia simu. Anajua kuwa ni yeye ninayemsema, na baada ya ibada nitakwenda kwake mimi, asije yeye kwangu.

Najua pia wapo watakaotaka kuniona ofisini kuhusu mahubiri haya. Karibuni sana. Nitakuwepo. Mlango nitauacha wazi, na kina mama wote wanaopenda kusikiliza nitawawekea viti. Mkitaka kunihamisha, nihamisheni. Huko nitakakokwenda nako kuna wanaume na kuna kuta za nyuma, na maneno yangu yatakuwa ni haya haya.

Sasa tutaomba. Desturi yetu ni kusimama wote. Leo hapana. Wanawake wa kanisa hili, kaeni. Kaeni mlivyo, wala msiinamishe vichwa. Wanaume, kuanzia viti vya wazee, kuanzia na mimi: tusimame.